Mkizidisha mishahara ya ughaibuni, toeni na kodi ya nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala ambao nimekuwa nikiufuatilia katika magazeti ya nyumbani, kuhusu Watanzania tunaoishi nje na picha tunazoweka mitandaoni. Wengi wa wanaoandika wanakubaliana katika jambo moja: kwamba sisi wa ughaibuni ndio tunaowapotosha vijana, kwa kujipiga picha tukiwa tumeegemea magari yasiyo yetu na kuficha kwamba usiku tunabeba boksi, hadi kijana wa Tandika jijini Dar es Salaam au wa Nyakato jijini Mwanza anauza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake ili afuate maisha ambayo hayapo. Mimi ni mmoja wa wanaolaumiwa. Naishi kusini mwa jiji la Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, na kazi inayoniweka mjini ni kuandika programu zinazoamua video ipi itangulie na ipi ifuate pale mtu anapofungua simu yake. Nakubali kwamba vijana wanapotoshwa. Ninachopinga ni maelezo ya jinsi wanavyopotoshwa, kwa sababu tukikosea hapo, hatua tutakazopendekeza zitamwangukia asiyehusika.

Kujikweza mbele ya watu wa nyumbani hakukuanza na simu. Katika kabati la vioo la bibi yangu kulikuwa na picha ya mjomba wangu aliyepelekwa kusoma Bulgaria miaka ya 1980, amesimama kwenye theluji, koti limemfika magotini, mkono mmoja ameuweka juu ya boneti ya gari. Bibi aliipenda sana picha ile na alimwonyesha kila mgeni, lakini mgeni akishaondoka alisema waziwazi kwamba koti lile si la mwanawe, kwa kuwa mabega yalikuwa yanamzidi, na kwamba gari lingekuwa lake angepigwa picha akiwa ndani, ameshika usukani. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mtoto alikuwa wake na mabega yake aliyajua. Tena picha ile ilikuja ndani ya bahasha moja na barua ya kurasa mbili, ambamo mjomba aliomba radhi kwa kutotuma chochote na akaeleza jinsi chumba cha bweni kilivyokuwa baridi. Aliyepokea picha alipokea na maelezo yake, na alikuwa mtu anayeweza kuuliza swali akajibiwa.

Hata mtandao ulipoingia, kwa miaka kadhaa haukuuvunja utaratibu huo. Blogu ya Michuzi ilipoanza mwaka 2005, Watanzania waliokuwa nje waliifungua kila asubuhi kuona nani kaoa, nani kafariki na nani kahitimu, na aliyejitutumua kupita kiasi katika picha aliumbuliwa papo hapo na watoa maoni waliosoma naye au waliopanga naye chumba. Nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, tuliacha kutegemea setilaiti, na watu wengi zaidi wakaingia Facebook. Huko nako ulichokiona kilitoka kwa watu uliowakubali wewe mwenyewe: binamu, jirani, mliocheza naye mpira shuleni. Uongo ulikuwepo, lakini ulizunguka miongoni mwa watu waliomjua mwongo.

Kilichobadilika ni mpokeaji. Mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata saa zilipowekwa, ikaanza kuzipanga kwa kukisia nini kitakuvutia. Mwaka 2018 TikTok iliungana na Musical.ly, programu nyingine ya video fupi, na kuenea duniani, na ukurasa wake mkuu haukujali sana unamfahamu nani au unamfuata nani. Ulijali ni nini kitakuzuia usiondoke. Instagram ikaiga mwaka 2020, YouTube nayo ikaiga, na leo sehemu kubwa ya anachokitazama kijana wa Nyakato kuhusu Marekani, Kanada au nchi za Kiarabu za Ghuba kinatoka kwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye, hajui ukoo wake, na hawezi kumuuliza, "Kaka, unalala wapi?" akategemea jibu.

Nieleze kidogo jinsi kazi hii inavyofanyika. Sitoi siri ya mwajiri wangu, maana haya anayajua kila aliye katika fani. Video mpya huonyeshwa kwanza kwa kundi dogo la watu. Programu inapima wametazama sekunde ngapi, nani amerudia, nani amemtumia mwenzake, nani ameandika maoni, hata ya matusi, na nani amepitisha kidole mara moja akaenda zake. Kundi la kwanza likikaa, video inapelekwa kwa kundi kubwa zaidi, na kadhalika, na kila hatua programu inajifunza zaidi kuhusu watu wa aina gani wanaokaa. Jedwali linalotumika katika kukisia huko lina safu nyingi mno, lakini safu ya kusema kama maneno ya video ni ya kweli haimo. Haimo pia safu inayouliza kama mtazamaji huyu ana namna yoyote ya kuyapima anayoambiwa. Wapo wanaodhani kuna watu wamejifungia mahali wakaamua Waafrika waonyeshwe ndoto. Mimi nakaa katika vikao hivyo, na wengi wa wanaohudhuria hawajui Mwanza iko upande gani wa dunia. Wanachokitazama ni mstari unaopanda kwenye mchoro. Mstari huo unapanda kwa sababu, pamoja na mengine, kijana wetu ametazama mara ya pili video ya mtu asiyemjua akifungua friji lililojaa nyama katika nyumba ya Dallas.

Matokeo yake kwa habari za wahamiaji ni kwamba zimebaki za aina mbili zinazosafiri: neema na kilio. Video ya friji inasafiri. Video ya dada aliyejifungia chooni katika nyumba ya mwajiri huko Ghuba, akilia na kusema pasipoti yake imechukuliwa, nayo inasafiri, na namshukuru Mungu kwamba inasafiri, kwa sababu wapo waliosaidiwa kwa njia hiyo. Lakini maisha ya wengi wetu yako katikati, na ya katikati hayana mtazamaji. Mtu aliyepanda basi, akafanya kazi saa nane, akarudi, akapika wali na maharage, akalala, amekwisha kushindwa kabla ya sekunde ya tatu. Namfahamu mama mmoja wa hapa jirani, msaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, ambaye aliweka video za kila siku akieleza kwa utulivu jinsi ya kupata cheti cha kazi ile, mtihani ukoje na mshahara ni kiasi gani. Zilikuwa video bora kuliko zote nilizowahi kuziona juu ya jambo hilo, na walizitazama ndugu zake tu. Siku aliyojirekodi akicheza mbele ya gari jipya la mwenzake, walimwagika maelfu. Sasa anacheza. Sioni kwa nini tumlaumu yeye peke yake.

Nirudi kwenye friji, maana hapo ndipo penye kosa la hesabu ambalo nadhani lina madhara kuliko uongo wowote. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo hili kilikuwa dola 16.66 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kile cha serikali ya shirikisho, dola 7.25, ambacho hakijapanda tangu 2009. Kijana anayefanya kazi katika ghala kwa saa arobaini kwa wiki akisema kwamba anaingiza karibu dola 2,900 kwa mwezi hajadanganya hata senti. Mtazamaji wa nyumbani anachukua kalamu, anazidisha kwa 2,500, anapata shilingi milioni saba na ushei, na usingizi unamruka. Amezidisha vizuri. Tatizo ni kwamba hakutoa.

Ukianza kutoa, kodi ya mapato na makato ya hifadhi ya jamii yanaondoka kabla fedha haijakufikia, na mkononi unabaki na kama dola 2,500. Chumba kimoja na sebule katika miji hii ya kusini ya Seattle si rahisi kukipata chini ya dola 1,500 kwa mwezi, kabla hujalipia umeme. Zamu inayoanza saa kumi alfajiri mara nyingi haina basi, kwa hiyo unahitaji gari, na gari haliruhusiwi barabarani bila bima, na bima ya mtu ambaye ndiyo kwanza amepata leseni huwa kubwa. Bado hujala, hujalipia simu, hujaenda kwa daktari wa meno. Ndiyo sababu ghala hilohilo lina vijana wanaoishi wanne katika vyumba viwili, na wengine wanaotoka zamu moja wakalala kidogo kisha wakawasha programu ya kubeba abiria kwenda uwanja wa ndege hadi usiku wa manane.

Sasa tazama jinsi friji linavyomdanganya mtu bila mwenye friji kusema neno la uongo. Huku chakula ni sehemu ndogo ya matumizi na paa ndilo linalokula mshahara. Nyumbani wengi wa wanaotazama video ile wanaishi kwao, katika nyumba ya wazazi au ya urithi, ambako hakuna anayegonga mlango mwisho wa mwezi, lakini nyama ni ya Jumapili na ya sikukuu. Kwa hiyo mtazamaji anaona kile ambacho kwake ni adimu kikiwa kimejaa tele, na anakadiria yaliyobaki kwa kipimo hichohicho: kama nyama ni hivi, nyumba itakuwaje! Ukweli ni kinyume. Mtu huyo anaweza kuwa na kuku wanne kwenye friji na asiwe na uhakika wa kulala chini ya paa hilo miezi mitatu ijayo. Ningependa siku moja kuona video ya mtu akionyesha mkataba wake wa kupanga nyumba, ukurasa kwa ukurasa, lakini kwa ninavyojua mashine zetu, haitafika popote.

Msidhani nawasemea wa maghalani tu huku sisi wa kompyuta tukiwa tumetulia. Wengi wetu tuliosoma hapa tulibaki kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, ambayo kila mwaka hutolewa 65,000 na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya Marekani, na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko idadi hiyo, huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ukipata, ukaaji wako unategemea mwajiri. Januari 2023 Amazon ilitangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya 18,000 na Microsoft 10,000, na kampuni zote mbili ziko katika eneo hili. Nyingine nyingi zilifuata, pamoja na ya kwetu. Jirani yangu wa meza, baba mmoja kutoka India mwenye watoto wawili shuleni, alipata barua pepe kabla ya mapambazuko, na alipofika ofisini kadi yake haikufungua mlango. Kwa mwenye viza ile, ajira ikikoma kuna siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili aina ya viza au kufungasha. Aliyekuwa akimfuata mtandaoni aliendelea kuona picha ya nyumba yake mpya yenye bustani, iliyokuwa ya mwisho aliyoweka. Tangu Septemba 2025 mambo yamekuwa magumu zaidi, kwa amri ya rais inayomtaka mwajiri alipe dola 100,000 anapoomba viza mpya ya aina hiyo kwa mtu aliye nje ya Marekani. Pamoja na hayo, bado nakutana na video za Kiswahili zinazowaambia vijana wa vyuo vyetu kwamba kampuni za Marekani zinatafuta watu wa kompyuta "kwa udi na uvumba", na chini yake pana namba ya simu.

Sitaki nionekane kwamba nauchukia mtandao unaonilisha. WhatsApp imenifanyia jambo ambalo mjomba wa Bulgaria hakulipata. Mmoja wa walioianzisha mwaka 2009, Jan Koum, alifika Marekani mwaka 1992 akiwa na miaka 16 pamoja na mama yake, kutoka Ukraine, baba yake akabaki kule, na waliishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Mwaka 2014 aliiuza kwa Facebook kwa mkataba wa dola bilioni 19. Si ajabu kwamba programu inayotufaa zaidi sisi wahamiaji ilibuniwa na mmoja wetu. Ujumbe wa sauti ulioongezwa mwaka 2013 uliwapa nafasi mama zetu ambao kuandika kwa vidole kuliwachosha. Wakati wa baridi tuko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa kumi na moja, kwa hiyo mama akimaliza chakula cha mchana saa saba na kunisemesha, kwangu ni saa nane usiku, nami nasikiliza asubuhi nikiwa njiani. Juzi aliona picha niliyotuma nikiwa nimevaa koti la mvua, akajibu kwa sauti: "Mwanangu, mbona shingo imekuwa nyembamba?" Ni macho yaleyale ya bibi.

Hata hivyo kundi la familia nalo tumelibana. Limegeuka ofisi ya mweka hazina: orodha ya ahadi za harusi, orodha ya rambirambi, picha za risiti. Nani atathubutu kuandika mbele ya wajomba, mashangazi na shemeji zote kwamba mwezi huu kodi ya nyumba imepanda na hana kitu? Ataonekana mchoyo. Anatuma, mara nyingine kwa kukopa kwenye kadi ya benki, na kwa kutuma huko anathibitisha hesabu ya kuzidisha. Na tangu Januari 1, 2026 anayetuma kutoka Marekani kwa fedha taslimu anakatwa kodi ya asilimia moja ya anachotuma. Kwa hiyo hata pale ambapo anayetufahamu anaweza kuuliza, tumezoea kutosema, na kijana wa nyumbani anabaki na walimu wawili: ndugu aliyenyamaza na mgeni anayecheza mbele ya gari.

Hapo katikati ndipo vishoka walipoweka kambi. Mwaka jana mpwa wangu aliniamkia kwenye WhatsApp, "Shikamoo mjomba," na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ametuma tangazo. Kazi ya huduma kwa wateja na kompyuta nchini Thailand, dola 1,500 kwa mwezi, tiketi na malazi juu ya kampuni, Kiingereza cha kawaida kinatosha, hakuna usaili. Nililisoma kwa jicho la kazini. Nembo ya kampuni ilikuwa imevutwa ikapanuka upande, ishara ya mtu aliyeinakili kutoka mahali. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya zile za bure ambazo hata mimi naweza kuifungua sasa hivi kwa jina la ikulu. Namba ya simu haikuwa ya Thailand wala ya Tanzania. Sentensi ya mwisho ilimtaka atume picha ya pasipoti na asimwambie mtu mpaka viza itoke. Nilipomwonyesha hayo alijibu, "Lakini mjomba, kuna dada yuko hukohuko, naona video zake kila siku." Bila shaka anaziona kila siku, kwa kuwa alisimama kwenye ya kwanza, mashine ikamletea nyingine, na huenda dada huyo ni mkweli kabisa na anafundisha Kiingereza Bangkok kwa amani. Tangazo la kishoka halihitaji kumnunua. Linakaa jirani naye kwenye kioo cha simu na kuchuma imani ambayo yeye ameijenga.

Wanaoitikia matangazo ya namna hiyo wengi huvushwa mpaka, hadi Myawaddy nchini Myanmar, katika majumba yenye walinzi na nyaya ambamo watu hulazimishwa kutapeli wengine kwa kompyuta mchana na usiku. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na kama 100,000 Cambodia walikuwa katika hali hiyo. Maelfu walitolewa huko mwanzoni mwa 2025, wakiwamo Wakenya na Waafrika wengine. Katika miaka hiyohiyo wasichana wa Uganda, Kenya na Rwanda walikuwa wakiona matangazo ya Alabuga, katika jimbo la Tatarstan nchini Urusi, yaliyoahidi kazi na masomo pamoja na tiketi ya bure, baadhi yake yakipitia watu mashuhuri wa mitandaoni. Uchunguzi wa shirika la habari la AP uliotolewa Oktoba 2024 ulionyesha kwamba waliofika walijikuta wakiunganisha ndege zisizo na rubani za vita. Mpwa wangu nilimpa maswali matatu amuulize wakala: jina la kampuni litakaloandikwa kwenye mkataba, mahali mkataba utakaposainiwa, na kama ana leseni inayoweza kuulizwa kwa TaESA, wakala wa serikali yetu wa huduma za ajira. Aliuliza la kwanza tu. Wakala akamfungia namba.

Niongeze jambo la kifundi ambalo sisi wa fani tunalijua na halisemwi vya kutosha. Programu za kunasa matangazo ya utapeli zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza. Tangazo lililoandikwa kwa Kiswahili cha mtaani, lenye "njoo inbox, nafasi chache, nauli juu yetu", hupita pale ambapo mwenzake wa Kiingereza angezuiwa, kwa kuwa ni wachache mno waliolipwa kukaa na kuainisha maelfu ya mifano ya Kiswahili. Hili halirekebishwi kwa wahamiaji kuacha kujipiga picha. Linarekebishwa kwa kampuni kuajiri Waswahili wa kutosha, na kampuni hazitafanya hivyo mpaka serikali zetu na vyombo vya habari viwaulize kwa pamoja na kwa kurudia.

Wapo waliopendekeza njia ya mkato, kwamba mitandao ifungwe au itozwe kodi ili vijana wapumzike. Uganda ilijaribu tozo ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaiacha na kugeukia kodi ya bando. Kuhusu kufunga, sisi wa nje tulipata picha yake kamili intaneti ilipozimwa nchini Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025. Kwa siku kadhaa ujumbe wetu ulibaki na tiki moja ya kijivu. Hatukujua mzee kapata dawa yake au la, na aliyekuwa na njia ya kupiga simu ya kawaida alisambaza habari kwa wenzake wote. Intaneti iliporudi, video za friji zilikuwa palepale zikisubiri. Kilichokatika siku zile ni yale mazungumzo yanayoweza kuuliza kuhusu shingo nyembamba.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, linakuhusu wewe kuliko serikali. Gazeti ni mahali ambapo habari ya katikati bado inaweza kuchapishwa hata kama haimzuii mtu kupitisha kidole. Tenga nafasi ndogo kila wiki, hata ya nusu safu, ambamo Mtanzania mmoja aliye nje ataweka hesabu ya mwezi wake: anafanya kazi gani na kwa saa ngapi, yuko kwa viza ya aina gani, analipwa kiasi gani, kodi ya nyumba, usafiri, bima, alichotuma nyumbani, na kilichobaki. Awe wa Muscat, wa Minneapolis, wa Guangzhou au wa London. Jina lisichapwe, ili asiogope shemeji zake, lakini ofisi yako ione hati ya mshahara na mkataba wa kupanga kabla ya kuchapa, jambo ambalo mashine zetu hazifanyi na mhariri analifanya kila siku. Za kwangu nitakutumia mara utakaponijulisha kwamba umekubali, pamoja na ile miezi ambayo mstari wa mwisho una alama ya kutoa mbele yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa programu,
Kent, Washington, Marekani